Matroni na Vikombe vya Ugenini

Tulimwita Matroni, ingawa hakuna hospitali iliyowahi kumpa cheo hicho. Alistaafu akiwa muuguzi wa kawaida wa wodi ya wazee, katika ile hospitali kubwa iliyo karibu na nyumba yake ya Bordesley Green, na katika miaka yote aliyofanya kazi pale walipandishwa vyeo mbele yake watu ambao yeye ndiye aliyewafundisha kutandika kitanda. Jina tulimpa sisi, Wakenya tuliokuja Birmingham baada yake, kwa sababu ya namna alivyoingia chumbani. Alisimama kwanza mlangoni, akatazama nani amekaa vibaya, nani hajala, nani ametoka kulia, ndipo akasalimu. Alifanya hivyo wodini, alifanya hivyo kanisani, na alifanya hivyo sebuleni kwa watu, wakati mwingine bila kualikwa.

Kila ninapojaribu kumweleza kwa mtu asiyemjua, najikuta naanzia mahali ambapo si pake hata kidogo: barabara ya mawe katika mji mdogo wa bandari, kaskazini kabisa ya Norwe, ambako meli ya watalii ilitushusha kwa saa chache tu. Kulikuwa na manyunyu. Yeye yuko mbele yangu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, mkoba wa ngozi umebanwa kwapani, anapanda mteremko kama mtu aliyechelewa zamu. Mimi niko nyuma, nahema, nimebeba maneno ambayo binti yake aliniomba nimwambie. Lakini ili siku ile ieleweke, sharti kwanza nieleze habari ya koti.

Lilikuwa koti la kijivu, zito, lenye vifungo vikubwa kama biskuti, na tuliliita koti la wageni. Muuguzi au mwanafunzi aliyewasili kutoka Kenya wakati wa majira ya baridi alimkuta Matroni kwenye kituo cha mabasi, koti likiwa mkononi. Mimi nilifika nikitokea Kitui, nimevaa sweta nyembamba ya rangi ya waridi ambayo mama yangu aliamini ingenitosha.

"Wewe msichana," aliniambia kabla ya kunipa mkono, "hiyo sweta ni ya kwenda harusini?"

"Walisema ni baridi kidogo tu, mama."

"Hii si baridi. Njoo Kinangop mwezi wa saba uone ng'ombe wakitetemeka. Hebu vaa. Koti hili ni la kuazima. Ukinunua lako unarudisha, na usilitie manukato, kuna mwenzako atalivaa."

Nililivaa majira yote ya baridi. Lilinuka sabuni ya kipande na jasho la uoga wa wasichana waliolivaa kabla yangu. Nilipolirudisha alilikagua mshono kwa mshono, akapata kifungo kimoja kimelegea, akanipa sindano na uzi nikishone mbele yake. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na nilikuwa nimekuja kusomea ya pili. Hilo halikumshughulisha. Hadi leo, nikiwa mwanamke mwenye mvi na watoto wakubwa, huniita msichana.

Nyumba yake haikuwa na msumari hata mmoja ukutani. Picha za familia, cheti chake cha uuguzi na kalenda za kanisa zilisimama chini, zimeegemea ukuta, kama abiria wanaosubiri kuitwa. Ukimuuliza, alijibu kwamba hakuna haja ya kutoboa ukuta wa watu, kwani mwaka ujao anarudi nyumbani. Alisema hivyo nilipofika, akasema hivyo binti yake alipohitimu, akasema hivyo alipostaafu. Huko Kinangop, kwao kwenye nyanda za juu za Kenya, alikuwa amejenga, pole pole, nyumba ya mawe yenye mabati mekundu, na mtoto wa dada yake aliishi upande wa nyuma akiitunza. Matroni alikuwa amelala ndani yake likizo chache tu, tena juu ya godoro lisilotolewa nailoni. Lakini bustani yake ya Bordesley Green ilikuwa na mboga za kwetu, sukuma wiki na managu, na mti wa matofaa alioupanda mwenyewe na kuupogoa kila mwaka. Sijui mtu anayeondoka mwakani anapanda mti wa matunda kwa hesabu gani. Siku moja nilithubutu kumwuliza.

"Mti ni wa yule atakayekuja," alisema. "Kama koti."

Kwenye barabara ya Alum Rock kulikuwa na mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la mboga na nafaka, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado na joto la ziwa. Hao wawili walikuwa na ugomvi wa kila Jumamosi ambao hakuna kati yao ambaye angekubali ukosekane.

"Matroni! Unarudi lini Kenya?"

"Mwaka ujao."

"Hata mwaka jana ulisema mwaka ujao."

"Na wewe Kisumu unarudi lini?"

"Mimi nikirudi, duka naachia nani?"

"Basi pima bamia, unyamaze."

Mzee yule alicheka hadi kikohozi kikamshika, kisha akamtupia fungu la dhania ndani ya mfuko. Matroni alilitoa, akalinusa, akalirudisha mfukoni bila shukrani, kama mtu anayepokea haki yake.

Kama alikuwa na mafundisho, basi lilikuwa moja tu, nalo lilihusu uchovu. Hakuvumilia kumsikia mtu anayejikokota kutoka zamu ya usiku akisema yuko sawa. "Ukichoka, sema umechoka," alituamuru. "Usiniambie uko sawa. Mimi si bosi wako." Alikuvutia kiti, akakuvua viatu kwa mikono yake, akakuacha uketi bila kuongea hadi chai ichemke. Sisi tulio katika kazi za kuwahudumia watu tunajua thamani ya kukaa mbele ya mtu asiyetaka lolote kutoka kwetu. Wengi tulijifunza kulia jikoni kwake, kwa utulivu, tukiwa tumekunja miguu chini ya meza, huku yeye akichambua mboga, ametugeuzia mgongo.

Lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Alifanya zamu mbili mfululizo, akaja kanisani akiwa na macho mekundu, akakaripia kwaya kwa kuimba kivivu. Aliwagombeza wahudumu waliowapandishia wazee sauti, naye akampandishia sauti binti yake wa pekee kwa sababu ya kijiko kilichoachwa kwenye sinki. Alituhimiza tuseme Kiswahili na watoto wetu tusije tukawapoteza, lakini binti yake alimlea kwa Kiingereza kitupu. "Nilikuwa narudi nyumbani sina nguvu ya kusahihisha mtu," aliniambia wakati fulani, akitazama pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na neno alilotudai sisi wengine.

Jambo ambalo watu wa Birmingham watamkumbuka kwalo, hata waliomwogopa, ni vikombe. Habari ya kifo ikifika kutoka nyumbani, sisi hukusanyika kwa aliyefiwa, katika zile nyumba nyembamba zilizoshikana. Viatu hujaa kwenye ujia, sebule hujaa maombi, na vikombe vya chai huzunguka hadi vinapotea chini ya viti. Matroni alivua viatu, akapita sebuleni bila kumsalimu mtu, akaenda jikoni moja kwa moja, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuosha. Aliosha tangu alipofika hadi mgeni wa mwisho alipoondoka. Nilidhani ni haya, au kiburi, mpaka baba yangu alipofariki Kitui na mimi, kwa sababu ya mambo ya vibali, sikuweza kwenda kumzika. Watu walikuja, wakaomba, wakaondoka. Yeye alibaki jikoni. Nilipomwambia aache, nitaosha kesho, hakugeuka.

"Wageni wakienda, mfiwa anabaki na sinki," alisema. "Hapo ndipo kilio kinaanza. Sasa sinki haina kitu. Njoo ulie hapa, mimi nipo."

Nililia pale, nimeshika kitambaa cha kukaushia vyombo. Hajawahi kunipa pole kwa mdomo, na sijawahi kuihitaji.

Mimi kazi yangu ni kwenda majumbani kwa wazee kuangalia kama bado wanaweza kuishi peke yao. Nauliza leo ni siku gani. Natazama ndani ya friji. Natazama kama jiko limeachwa likiwaka na kama viatu vimevaliwa miguu sahihi. Kisha naeleza familia jambo ambalo mara nyingi wanalijua tayari na hawataki kuwa wa kwanza kulisema. Nimeifanya kazi hii hadi nimeichoka kama mtu anavyochoka kusikia sauti yake mwenyewe. Sikutarajia kwamba siku moja ningeifanya kwa Matroni.

Ilianza na koti. Ilikuwa siku ya jua, majani yamechipua, nami nikashuka kwenye basi karibu na hospitali nikielekea kwake kumjulia hali. Nilimkuta kituoni, amesimama wima, koti la kijivu mkononi.

"Karibu Birmingham, msichana," alisema, na uso wake ulikuwa na ule ukali mpole wa siku ya kwanza. "Vaa. Hili ni la kuazima. Ukinunua lako unarudisha."

Nilitafuta machoni mwake dalili ya mzaha na sikuiona. Nilivaa koti lile juani, nikamshukuru, nikatembea naye hadi nyumbani huku jasho likinitiririka mgongoni. Alipokuwa akitafuta vikombe vya chai alifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena. Mwishowe nilivipata mimi, ndani ya oveni, vimepangwa vizuri.

Wiki chache baadaye alitangaza kanisani kwamba kabla ya mwaka kwisha anarudi nyumbani moja kwa moja. Watu walicheka kwa mapenzi, kwa vile walikuwa wameuzoea wimbo huo. Mimi na binti yake hatukucheka. Safari hii alikuwa ameshusha masanduku kutoka darini.

Binti yake aliniita kwenye mkahawa mmoja wa Moseley, karibu na anapoishi, mahali ambapo mama yake hakupenda kukanyaga kwa sababu, kwa maneno yake, kahawa ya pale ni povu la kuuziwa watu wasio na haraka. Alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema mama yake akipotea Bordesley Green kuna majirani, kuna hospitali, kuna sisi. Lakini akipotea kwenye ukungu wa Kinangop, nani atajua hata kwamba ametoka? Alisema amemkatia mama yake tiketi ya safari ya meli kama zawadi, na mimi niende naye, kwa kuwa yeye hakupata likizo. Nilielewa kwamba sikuwa nikiombwa tu kumsindikiza mtu.

"Aunty, wewe atakusikiliza," alisema, na ilinishtua kuyasikia maneno hayo kwa Kiswahili kutoka kinywani mwake. "Mwambie asiende. Tafadhali."

Nilikubali. Sikukubali kwa shingo upande; kwa macho ya kazi yangu, binti alikuwa na haki.

Melini Matroni alikagua sitaha kama mtu anayezungukia wodi. Aliwaona waliokaa peke yao, akawasogezea blanketi. Mama wa Kifilipino aliyesafisha chumba chetu, Matroni alimwamuru aketi, akamvutia kiti. "Umechoka?" alimwuliza kwa Kiingereza, na yule mama, baada ya kutazama mlango, akakiri kwamba amechoka sana, akaketi kidogo. Chakula cha meli kilimkera. "Mlima mzima wa vyakula," alisema, "na hakuna chai ya maana." Alikuwa amebeba majani yake ya chai na tangawizi, na tulikunywa chai kutoka kwenye chupa yake ya thamosi, tukitazama maji ya rangi ya risasi. Kila siku nilijiambia kwamba nitasema kesho. Kuna asubuhi aliamka timamu kuliko mimi. Kuna asubuhi aliniuliza zamu inaanza lini.

Ndipo tukafika kwenye ule mji mdogo, ambao jina lake hakuna abiria aliyeweza kulitamka sawasawa. Nyumba za mbao, nyekundu na nyeupe na za njano, zimepangwa chini ya mlima. Kanisa moja, gati moja, duka la sweta za sufu ambazo Matroni alizigeuza ndani nje, akakagua mishono, akakubali kwa kichwa bila kununua. Ufukweni kulikuwa na vichanja vya miti, na juu yake samaki waliokaushwa wakiwa wamening'inia kwa mikia, wakubwa kama mikono ya watu.

"Omena za majitu," alisema, akaziba pua. Watu wa Kinangop na samaki ni habari mbili tofauti.

Lakini tulipoanza kupanda, kitu fulani ndani yake kilifunguka. Juu ya nyumba kulikuwa na majani mafupi yenye umande, kondoo wenye manyoya machafu, ukungu ulioketi juu ya mlima na kukataa kuondoka. Aliinama, akang'oa jani, akalitafuna.

"Hapa ni Kinangop," alisema. "Kinangop iliyoletewa bahari."

Nikaona kwamba hapo ndipo mahali pa kusema. Kulikuwa na benchi. Nilimwomba tuketi, akaketi, nami nikaanza.

"Matroni, kuhusu hiyo safari ya mwisho wa mwaka..."

"Bendera imeishia katikati," alisema.

Nilifuata macho yake. Chini yetu palikuwa na nyumba ya njano yenye mlingoti uani, na bendera ilikuwa nusu mlingoti, imelowa, imejikunja. Alisimama. Aliteremka, nami sikuweza kumfuata kwa kasi ile. Nilipomfikia alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye ujia kulikuwa na safu ya viatu vyeusi, na zaidi ya viatu hivyo, migongo ya watu waliovaa nguo nyeusi.

"Wamefiwa," alisema.

"Matroni, hatuwajui hawa watu."

"Kwani mfiwa ni lazima umjue?"

Akainama, akavua viatu, akavipanga mwisho wa safu, akaingia.

Nilibaki langoni na manyunyu usoni. Katika kazi yangu, mzee kuingia katika nyumba ya watu asiowajua, katika mji asioujua, ni jambo ambalo likielezwa mezani huwa halibishaniwi tena. Nilijua lingeeleza nini kwa binti yake, na nilijua kwamba baada ya kulieleza nisingehitaji kusema neno jingine. Kisha nami nikavua viatu.

Sebuleni mazungumzo yalikatika. Mwanamke wa umri wangu alisimama, macho yake yamevimba, akasema kitu kwa lugha yao, halafu kwa Kiingereza akauliza kama anaweza kunisaidia. Niliomba radhi. Nilisema sisi ni wa kwenye meli, nilisema mwenzangu ni mtu mzima sana, na nilikuwa nimefungua mdomo niseme kwamba ni mgonjwa, kwamba hajui alipo, wakati nyumba nzima iliposikia maji yakifunguliwa jikoni.

Tulimkuta amekunja mikono ya sweta, amejifunga aproni iliyokuwa nyuma ya mlango. Sinki ilikuwa imejaa vikombe vyembamba vya udongo mweupe, vyenye maua ya buluu ukingoni. Alimtazama yule mwanamke kutoka juu hadi chini, kama alivyotutazama sisi sote: hajala, hajalala, bado hajalia vya kutosha.

"Pole, mama," alimwambia kwa Kiswahili, neno ambalo mimi sikuwahi kulipata, kisha akageukia Kiingereza. "Nimeanza na vikombe. Sahani zitafuata. Nani amefariki?"

"Mama yangu," alisema yule mwanamke. "Tumetoka kumzika."

"Wewe ndiye wa kuosha hivi jioni, watu wakishaondoka?"

Mwanamke alitazama ile sinki. Nadhani hakuwa amefikiria hadi hapo. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi hutaosha. Chukua kitambaa, kausha."

Akachukua kitambaa. Walisimama bega kwa bega, mmoja akiosha, mmoja akikausha, nami nikiwa nimeegemea friji ya watu kama mwizi aliyesamehewa. Baada ya muda mwanamke yule alicheka kidogo na kusema kwamba mama yake asingekubali mgeni aguse vikombe hivi. Hata mabinti zake walikuwa hawaruhusiwi. Matroni alisema marehemu alikuwa na haki, vikombe vizuri havistahili mikono ya haraka. Hapo mwanamke akaweka kikombe mezani taratibu, akafunika uso kwa kitambaa chenye maji, akalia kwa sauti. Wengine walikuja mlangoni. Matroni hakumkumbatia. Aliendelea kuosha, pole pole zaidi, ili kazi isiishe kabla ya kilio.

Vikombe vilipokauka alifungua kabati moja, akalifunga, akafungua la pili, akaona rafu yenye nafasi tupu na alama za mviringo kwenye vumbi. Akavipanga juu ya alama hizo, vishikio vyote vikielekea upande mmoja. Yule mwanamke alitazama akanong'ona kwamba ndivyo mama yake alivyovipanga.

Tulipewa keki iliyofungwa kwa kitambaa cha karatasi. Tulipotoka, mzee mmoja alikuwa uani akivuta kamba ya mlingoti, akiipandisha bendera hadi juu kabisa, kwani maziko yalikuwa yamekwisha.

Tuliteremka. Nilijihisi mwepesi, karibu nicheke. Kila nilichokuwa nimekiona kilikuwa kinyume cha nilichokiogopa. Mtu anayejua rafu ya kikombe katika nyumba ya wageni, nilijiambia, hawezi kushindwa na nyumba yake mwenyewe. Tukafika barabara ya gatini. Meli ilikuwa mbele yetu, nyeupe, ndefu kuliko mji. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda kidogo cha kungojea basi. Matroni akaingia humo, akaketi, akaweka mkoba mapajani.

"Basi la Bordesley Green linapita hapa," aliniuliza, "ama ni ile ng'ambo?"

Wepesi ule ulinitoka wote.

"Tunaenda kwenye meli, Matroni."

Aliitazama meli kwa muda mrefu. Niliuona mwili wake ukiitafuta, kisha ukiipata.

"Ah," alisema. "Meli."

Niliketi karibu naye. Abiria wenzetu walipita na mifuko ya sweta.

"Unanipima tangu tulipotoka nyumbani," alisema. "Usidhani sioni. Nimepima watu kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Sasa sema. Nimepita?"

Ningeweza kumdanganya. Kwa mtu mwingine, pengine ningemdanganya.

"Hapana. Hujapita."

"Na kule jikoni?"

"Kule jikoni ulipita."

Aliitikia kwa kichwa, kama muuguzi anayepokea zamu na kuambiwa hali ya mgonjwa ilivyo.

"Na huyo msichana wangu amekutuma uniambie nisiende."

"Ndiyo."

"Basi niambie. Usirudi na mzigo wa mtu mkononi."

Nikamwambia. Nilisema habari ya ukungu, na umbali wa hospitali, na kwamba mtoto wa dada yake ana shamba la kulima na hawezi kuwa nyuma yake kutwa. Nilisema kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Nilisema kwamba binti yake anaogopa, na kwamba mimi pia naogopa. Alisikiliza yote, bila kunikatiza, jambo ambalo lilikuwa geni kwangu.

"Ni kweli yote," alisema. "Hakuna neno la kuondoa." Alikuwa akiisugua kiganja kwa kiganja ile mikono yake, iliyokuwa bado inanukia sabuni ya nyumba ya njano. "Itafika siku nitakuwa sijui kama niko Kinangop ama Birmingham ama hapa kwa hawa wa samaki. Siku hiyo mniweke mnapotaka, sitawasumbua. Lakini kule kwangu kuna vikombe viko kwenye sanduku, vimefungwa na gazeti tangu nilipovipeleka. Sijawahi kuvipanga. Nataka nivipange mwenyewe, wakati bado nitakumbuka nimeviweka wapi."

Honi ya meli ililia. Simu yangu ilitetemeka mfukoni; binti yake aliandika kwa Kiingereza kuuliza kama nimeshamwambia. Niliandika jibu kwa Kiswahili, nikijua atanielewa: Nimemwambia. Amesema ni kweli yote. Hali yake si nzuri, na kwa sababu hiyo aende, na aende mapema, asingoje mwisho wa mwaka. Nitampeleka mimi, nikae naye hadi azoee.

Nilimsomea Matroni ujumbe huo kabla ya kuutuma, kwa kuwa ulimhusu yeye. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kofia imeshuka, kile kipande cha keki kikiwa mapajani.

"Ongeza kitu kimoja," alisema.

"Kitu gani?"

"Mwambie mama yake amechoka."

Nikaongeza hilo pia, nikatuma. Kisha nikainama pale kwenye kibanda cha basi, nikafungua kamba za viatu vyake, nikamvua, tukaketi.